KIPYA KINYEMI: EKZOSI YA KIWANDANI INAPOUNGWA NA MABOMBA MAPYA

Katika kila gari la familia kuna sehemu moja isiyokuwa na mlezi. Viti hufutwa vumbi, vioo huoshwa, magurudumu hujazwa upepo, na hata bodi hung'arishwa siku ya Jumapili kabla ya safari ya kwenda kumjulia hali bibi. Lakini bomba la moshi, ambalo mafundi wetu huliita ekzosi, hubaki kule chini likipigwa na mawe, matope na unyevu wa chumvi ya pwani. Hukumbukwa siku linapotoboka na kuanza kunguruma, au siku mwenye gari anapoingiwa na hamu ya kuliongezea gari lake nguvu.

Siku hiyo mwenye gari hupewa ushauri wa aina moja karibu kila mahali: tupa manifoldi ya zamani, funga heda. Heda ni fungu la mabomba membamba, moja kwa kila silinda, ambalo hufungwa kwenye injini mahali pa manifoldi nzito iliyotoka kiwandani. Huuzwa likiwa jipya, linang'aa, na hupendeza macho. Taabu ni kwamba kinachouzwa ni sehemu ya mbele tu. Bomba la katikati, sailensa na mkia wa kutolea moshi hubaki vilevile vya kiwandani, na havikutengenezwa vipokee kitu hicho kigeni. Hapo ndipo fundi anapoombwa avioanishe.

Jambo moja inafaa msomaji alijue tangu mwanzo. Madhara ya kazi hii aghalabu hayatoki kwenye bomba jipya, wala hayatoki kwenye bomba kuukuu. Hutoka pale yanapokutana. Kiungo hicho kimoja, kisichozidi upana wa kiganja, ndicho kinachoamua kama gari litakwenda vizuri au litakunywa petroli bure. Na zaidi ya hayo, ndicho kinachoamua kama hewa wanayoivuta watoto kwenye kiti cha nyuma ni hewa safi au ni sumu.

KAZI NNE ZA BOMBA MOJA

Watu wengi hudhani kwamba ekzosi ina kazi moja, yaani kupunguza kelele. Kwa kweli ina kazi nne. Ya kwanza ni kuutoa moshi mbali na abiria, hadi nyuma ya gari. Ya pili ni kuituliza sauti ya milipuko inayotokea ndani ya injini mara maelfu kwa dakika. Ya tatu, katika magari ya miaka ya karibuni, ni kuisafisha ile hewa chafu kabla haijafika nje. Ya nne ni kuisaidia injini kupumua.

Hii ya nne ndiyo iliyozaa heda. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, moshi hutoka kwa kishindo na kusafiri bombani kama wimbi. Nyuma ya wimbi hilo hubaki mvuto mdogo. Ikiwa mabomba yamepangwa kwa urefu unaofaa, mvuto wa silinda moja husaidia kuufyonza moshi wa silinda inayofuata, na hivyo injini hupata nafasi ya kuvuta hewa mpya kwa wingi. Katika injini nyingi za silinda 4, ambazo huwaka kwa mpango wa 1, 3, 4, 2, mafundi wa mashindano walitambua zamani kwamba mabomba ya silinda ya 1 na ya 4 yakiunganishwa, na ya 2 na ya 3 yakiunganishwa, kisha mawili hayo yakawa moja, injini huvuta vizuri katika mwendo wa kati. Mabomba yote 4 yakikutana mahali pamoja, faida huelekea zaidi kwenye mwendo wa kasi.

Manifoldi ya kiwandani, kwa upande wake, imetengenezwa kwa chuma cha kusubu. Ni nzito, njia zake ni fupi na zimejikunja. Lakini haipigi kelele, huvumilia joto kwa miaka mingi, na haimwombi mwenye gari kitu chochote. Kiwanda hakikuichagua kwa ujinga. Kiliichagua kwa ajili ya mtu anayekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni akiwa na mkungu wa ndizi kwenye buti.

Kwa hiyo mwenye gari la kawaida asitegemee miujiza. Katika injini ambayo haikubadilishwa kitu kingine, nguvu inayoongezwa na heda ni ndogo, na mara nyingi huonekana kwenye mizunguko ya juu ambayo dereva wa mjini haifikii. Sababu ya haki ya kuifunga ni nyingine: manifoldi ya zamani imepasuka, ya kiwandani haipatikani au ni ghali mno, na heda ndiyo iliyopo dukani. Hapo hakuna wa kulaumiwa, ila kazi lazima ifanywe kwa kipimo.

PALE VINAPOKUTANA

Fundi anapolala chini ya gari na kuzitazama pande mbili hizi kwa mara ya kwanza, hukuta tofauti nne.

Tofauti ya kwanza ni flanji, yaani lile bamba nene lenye matundu ya bolti kwenye ncha ya bomba. Flanji ya heda huenda ina bolti 3, na ya bomba la zamani ina bolti 2. Njia ya mkato ambayo huonekana mara kwa mara ni kutoboa matundu mapya kando ya yale ya zamani. Njia hiyo si njema, kwa sababu tundu likikaribia mno ukingo, bamba hupinda bolti inapokazwa, na gasketi hubaki na upande mmoja uliolegea. Njia iliyo bora ni kukata kiolezo kwa karatasi ngumu kutoka kwenye flanji ya zamani, kisha kukata flanji mpya kwa bamba nene la chuma, lenye unene wa milimita 8 hadi 10, na kuichomelea kwenye heda.

Msomaji aitazame vizuri kanuni iliyojificha hapo: kinachobadilishwa ni kile kipya, si kile cha zamani. Bomba la kiwandani likibaki na flanji yake, mlango wa kurudi nyuma unabaki wazi. Heda ikipasuka baada ya mwaka mmoja, manifoldi ya kiwandani inaweza kurudishwa mahali pake kwa spana peke yake. Lakini aliyelikata bomba la zamani ili limfae mgeni amejifunga kwa mgeni huyo siku zote. Kwa sababu hiyo hiyo, manifoldi ya zamani na sahani zake za kuzuia joto zisiachwe gereji. Zirudi nyumbani zihifadhiwe.

Tofauti ya pili ni kipenyo. Tuseme tundu la kutokea heda lina milimita 51, na bomba la zamani lina milimita 38. Kwa macho tofauti ni ndogo, kama upana wa kidole. Lakini nafasi ya tundu hukua kwa mraba wa kipenyo chake, kwa hiyo tundu la milimita 38 lina asilimia 55 tu ya nafasi ya lile la milimita 51. Moshi unaokuja kwa kasi ukikutana na ukuta wa ghafla namna hiyo hugonga na kurudi nyuma, na faida iliyonunuliwa kwa fedha nyingi huishia hapo hapo. Dawa yake ni kipande cha bomba chenye umbo la koni, chenye urefu wa sentimita 8 au 10, kinachopungua polepole. Kuvichomelea vipande viwili vya vipenyo tofauti kwa kujaza pengo na chuma cha kuchomelea si kuviunga, ni kuficha.

Wapo wanaokwepa taabu hiyo kwa kubadilisha mfumo wote uwe mpana. Hao nao wana lao la kujifunza. Bomba pana mno kwa injini ndogo huupunguzia moshi kasi, na ule mvuto tuliousema hudhoofika. Gari huweza kuvuma vizuri kwenye barabara ya tambarare, kisha likachoka mlima Kitonga likiwa na watu watano na mizigo. Nguvu ya kupandia mlima hutakiwa kwenye mizunguko ya chini, na huko ndiko bomba la kiasi linakofanya kazi vizuri.

Tofauti ya tatu ni urefu na mwelekeo. Heda huenda inaishia sentimita kadhaa nyuma au mbele ya mahali bomba la zamani lilipokuwa likianzia, au inaelekea chini zaidi. Hapa fundi mwenye haraka hulivuta bomba kwa nguvu hadi matundu yakutane, kisha hukaza bolti. Gari huondoka limenyamaza. Lakini chuma kilichovutwa hakisahau. Injini husukasuka juu ya mipira yake kila dereva anapokanyaga mafuta, huku bomba likiwa limefungwa kwenye bodi. Nguvu yote ya kuvutana huko huishia kwenye kile kiungo kipya au kwenye stadi zilizoshikilia heda kwenye silinda hedi.

Joto nalo lina sehemu yake. Moshi unaotoka kwenye injini ya petroli inayofanya kazi nzito huwa na joto la nyuzi 600 hadi 900 za Sentigredi. Bomba la chuma cha kawaida lenye urefu wa mita 1, likipata joto la nyuzi 500 zaidi ya lilivyokuwa, hurefuka kwa milimita 6 hivi. Likiwa la chuma cha pua cha aina inayotumika sana, hurefuka kwa milimita 8 na nusu. Kila safari, basi, bomba hurefuka na kufupika, na lisipopewa nafasi ya kufanya hivyo litajitafutia nafasi lenyewe kwa kupasuka.

Viwanda vinalijua jambo hilo. Ndiyo maana katika magari mengi, yakiwamo ya Toyota ambayo yamejaa barabarani kwetu, kiungo cha mbele hakikubanwa kama jiwe. Kina gasketi nene ya duara mfano wa bangili, na bolti mbili zenye springi, ili bomba liweze kuchezacheza kidogo bila kuvuja. Fundi asiyejua maana ya springi hizo huzitupa na kukaza bolti za kawaida. Amekiua kiungo. Kama umbo la heda haliruhusu springi, badala yake ni kipande cha bomba kinachopinda, kilichosukwa kwa nyuzi za chuma, ambacho huwekwa baada tu ya heda. Mipira ya kuning'inizia ekzosi nayo irudishwe yote. Bomba lilale juu ya mipira hiyo, lisining'inie kwenye heda.

Tofauti ya nne ni vile vitu vidogo vilivyokuwa vimeshikana na manifoldi ya zamani: tundu la sensa, sahani za kuzuia joto, na vishikizo vya nyaya. Heda imetengenezwa kwa bomba jembamba na hutupa joto jingi pembeni kuliko chuma cha kusubu. Waya, mpira wa maji au bomba la mafuta ya breki lililokuwa salama jana huenda leo limeungua. Sahani ya kiwandani ikunjwe upya ifuate umbo la heda, bila kuigusa, na kila kitu cha mpira kilicho karibu kisogezwe na kufungwa mbali. Vilevile kipimwe kimo cha heda kutoka ardhini, maana baadhi hushuka chini kuliko manifoldi, na tuta la kwanza la barabarani huwa ndilo mwalimu.

MOTO WA KUCHOMELEA

Mpango wa kazi wenyewe hauna siri. Vipande hushikizwa kwanza kwa nukta chache za moto vikiwa mahali pake chini ya gari, ili mwelekeo uwe sahihi. Kisha huteremshwa na kumaliziwa kuchomelewa juu ya meza. Flanji ifungwe kwa bolti kwenye bamba jingine nene wakati wa kuchomelewa, kwa kuwa moto huipinda. Ikisha kupoa, fundi huilaza juu ya kioo au bamba lililonyooka; ikiyumba, husuguliwa kwa tupa na msasa hadi itulie. Gasketi haiwezi kurekebisha flanji iliyopinda.

Kabla ya moto wa umeme kuguswa kwenye gari lenye kompyuta, nyaya za betri zitolewe. Gari lisimame juu ya stendi imara, siyo juu ya jeki peke yake, na ndoo ya mchanga iwe karibu, hasa pale bomba linapopita jirani na tangi au njia ya petroli.

Kuna tabia mbili katika baadhi ya gereji ambazo zinastahili kukemewa. Moja ni kutumia vipande vya bomba la maji lililopakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 419 na kuchemka kwenye 907, na moto wa kuchomelea ni mkali mno kuliko huo. Mvuke wake humpa mchomeleaji homa, baridi na maumivu ya mwili jioni hiyo hiyo, naye huweza kudhani ni malaria. Tabia ya pili ni kukwangua gasketi kuukuu zikiwa kavu na kulipuliza vumbi lake kwa upepo. Gasketi nyingi za magari ya zamani zilikuwa na asbesto, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Zilowanishwe maji kwanza, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za watoto.

SENSA HUDANGANYWA, NA MASEGA HUUZWA

Magari mengi yanayoingia nchini leo yakiwa yametumika yana sensa ya oksijeni kwenye njia ya moshi. Sensa hiyo hupima kiasi cha oksijeni kilichobaki katika moshi na kuiarifu kompyuta, nayo kompyuta huongeza au hupunguza petroli. Haifanyi kazi sawasawa hadi ipate joto la nyuzi 300 hivi.

Hapa kiungo kibaya hugeuka kuwa mwizi. Katikati ya wimbi moja la moshi na jingine, ule mvuto hunyonya hewa ya nje kupitia ufa mdogo ulio mbele ya sensa. Sensa huiona oksijeni hiyo na kuiambia kompyuta kwamba petroli haitoshi. Kompyuta, ikiamini ilichoambiwa, huongeza petroli. Mwenye gari hushangaa kuona kwamba tangu afunge heda ya kuongeza nguvu, gari halina nguvu na kituo cha petroli kimekuwa nyumba yake ya pili. Hubadilisha plagi, husafisha nozeli, hununua hata sensa mpya. Kumbe ugonjwa ni ufa wa upana wa unywele.

Tundu la sensa liwekwe baada ya makutano ya mabomba yote, ili ipime moshi wa silinda zote na si wa moja tu. Lisipelekwe mbali mno nyuma, ambako moshi umepoa, na lielekee upande wa juu wa bomba ili maji ya mvuke yasijikusanye kwenye ncha yake.

Nyuma ya sensa ndiko kuliko na kile kifaa cha kusafishia moshi ambacho mafundi wameshakizoea kwa jina la masega, kwa kuwa ndani yake mna vijitundu vingi mfano wa sega la nyuki. Vijitundu hivyo vimepakwa madini ya platinamu, paladi na rodi, ambayo huigeuza hewa ya sumu iwe hewa isiyokuwa na madhara makubwa. Magari ya Marekani yalianza kufungwa vifaa hivyo kwa wingi kuanzia matoleo ya mwaka 1975. Hapa Afrika havikuweza kufaa zamani, maana risasi iliyokuwa ikitiwa katika petroli huviua. Lakini nchi za kusini ya Sahara ziliachana na petroli ya risasi ifikapo mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021.

Thamani ya madini hayo imeyafanya masega yawe kitu cha kuwindwa. Wakati wa kufunga heda, mwenye gari huambiwa kwamba masega yanabana injini, hayafai, yaondolewe. Bomba tupu huwekwa mahali pake, na masega hupata mnunuzi. Ni kweli kwamba masega yaliyoziba hulemaza gari. Yaliyo mazima, lakini, ni mali ya mwenye gari na ni kinga ya mapafu ya kila mtu aliye nyuma yake barabarani. Heda iungwe nayo, isiyafukuze.

HEWA ISIYO NA HARUFU

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike habari za vyuma katika kurasa za familia.

Petroli inapoungua bila kupata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi koo. Harufu ya moshi tunayoijua ni ya vitu vingine vilivyochanganyika nayo. Ikiingia mapafuni, hushikana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu hubaki ikizunguka bila kubeba uhai. Mwanasayansi wa Scotland, John Scott Haldane, aliyechunguza vifo vya wachimba makaa ya mawe, mwaka 1895 alichapisha matokeo ya majaribio ya hewa hiyo aliyoyafanya juu ya mwili wake mwenyewe. Na ni yeye aliyependekeza wachimbaji wachukue wanyama wadogo migodini ili wawaonye mapema.

Gari halina ndege wa kutuonya. Injini ya petroli isiyokuwa na masega huweza kutoa moshi wenye asilimia kadhaa za kaboni monoksidi. Kiungo cha heda kipo mbele, nyuma kidogo ya injini, karibu na ule ukuta wa chuma unaowatenga abiria. Ukuta huo una matundu ya nyaya, ya mhimili wa usukani na ya pedeli, na mpira wa kuziba matundu hayo huchakaa. Kiungo kikivuja hapo, moshi hauna safari ndefu. Hatari huzidi pale gari linapopakia magunia na mlango wa nyuma ukafungwa nusu kwa kamba, kwa maana mwendo wa gari huivuta hewa ya nyuma, pamoja na moshi wa mkia, iingie ndani.

Dalili zake hufanana na maradhi ya kila siku: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Mama husema mtoto hapendi gari. Baba husema ni jua. Lakini kuna ishara moja ya kuizingatia: ikiwa watu wote ndani ya gari wanaumwa kichwa pamoja, na wote wanapata nafuu wakisha kushuka, asilaumiwe mtoto wala jua. Mama mjamzito ahadhari zaidi ya wote, kwa kuwa sumu hii humfikia mtoto tumboni, na kwake huchelewa kutoka. Hata kwa mtu mzima anayevuta hewa safi, inahitajika muda wa saa 4 hadi 6 ili kiasi chake katika damu kipungue kwa nusu.

Yanapotokea hayo njiani, gari lisimamishwe, injini izimwe, watu wote watoke nje, na aliyelegea au kupoteza fahamu apelekwe hospitali bila kusubiri. Kufungua vioo na kuendelea na safari si tiba.

MTIHANI WA FUNDI

Kazi ikisha kumalizika, mwenye gari asiridhike na mngurumo. Mngurumo haupimi kitu. Uko mtihani rahisi ambao kila gereji yenye mashine ya upepo inaweza kuufanya. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, upepo mdogo hupulizwa kupitia mkia wa ekzosi huku nafasi iliyobaki ikizibwa kwa kitambaa. Kisha viungo vyote hupakwa maji ya sabuni kwa brashi. Povu likitokea, pana tundu. Ni mtihani ule ule wa fundi wa pancha na beseni lake la maji, na hauna hoja ya kubishania.

Mtihani wa pili ni wa masikio. Injini iwashwe asubuhi ikiwa baridi, gari likiwa nje kwenye uwanja, kamwe si ndani ya banda. Mlio mdogo wa kukatakata unaofuata mizunguko ya injini, ambao hupungua injini ikipata moto, ni dalili ya kuvuja. Mtihani wa tatu ni wa macho, baada ya wiki moja: michirizi ya masizi meusi kwenye kiungo haisemi uongo.

Bolti nazo zikazwe tena injini ikiwa imepoa, baada ya safari chache za kwanza, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa sababu gasketi mpya hulala kadiri inavyopata joto. Fundi anayemwambia mteja wake arudi baada ya wiki kukaziwa bolti hatafuti fedha ya ziada. Ndiye fundi.

Kabla ya kukubaliana bei, mwenye gari na amwulize fundi wake maswali haya. Kwanza, je, utaikata ekzosi yangu ya zamani au utairekebisha heda? Pili, bomba litapata wapi nafasi ya kurefuka? Tatu, sensa itakaa wapi? Nne, masega yangu yatabaki? Tano, utanionyesha povu au ukavu kwa maji ya sabuni? Asiyeweza kuyajibu huenda ni mchomeleaji hodari, lakini kazi hii bado si yake. Wapo vijana wengi waliojifunza kuchomelea na umekanika wa magari katika vyuo vya VETA, na wapo wazee waliojifunza miguuni pa mabwana zao, ambao watayajibu yote hata kabla hawajainua jeki.

Tusiwasahau majirani pia. Sailensa ya kiwandani iliyo nzima ibaki mahali pake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, hazikutungwa kwa ajili ya viwanda na kumbi za muziki peke yake. Mtoto mchanga wa nyumba ya pili anayeamshwa saa kumi za usiku naye ana haki yake.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Heda mpya ni kinyemi, na si dhambi mtu kuipenda. Lakini wahenga hao hao walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa ekzosi haungoji mtu ajenge ukuta. Kabla ya safari ijayo ya familia, mwenye gari alipeleke gari lake kwa fundi, ainame pamoja naye na kukitazama kile kiungo. Ndoo ya maji ya sabuni na nusu saa ya subira vinatosha.